Mwalimu anatufundisha Java kwa uzi na kadi: nisaini barua ya kumkataa?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 23, niko mwaka wa pili wa stashahada ya TEHAMA katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na ndimi kiongozi wa darasa letu. Mwaka jana nilifeli somo la programu za objekti kwa Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nikafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, nikafeli tena, sasa narudia. Naomba uelewe kwamba sikufeli kwa uvivu. Maana ya klasi (kiolezo), objekti (kitu kinachoundwa kwa kiolezo hicho), urithi (klasi kuchukua sifa za nyingine), enkapsuleshoni (kuficha ya ndani) na polimofizimu nilizikariri zote, na hata leo ukiniamsha usiku wa manane nitazitaja bila kukosea neno. Kilichonishinda ni pale karatasi ya mtihani iliposema "andika programu". Nilikaa na kalamu mkononi mpaka muda ukaisha.

Muhula huu tumepata mwalimu mpya, mama mtu mzima. Hii ni wiki ya sita, na kwenye kipindi chake hatujagusa kompyuta hata siku moja. Anatugawia kadi za karatasi ngumu, kila mmoja anakuwa objekti, na asiyeshika kadi haruhusiwi kusema. Wiki mbili zilizopita alikuja na bonge la uzi wa kufumia. Akachagua watu sita, akasema: chezeni upatu, lakini hakuna kijumbe. Anayetoa mchango lazima amjulishe kila mwenzake, na kila ukimjulisha mtu unamrushia bonge huku umeshikilia uzi. Mzunguko mmoja tu, tukawa tumenasa katikati ya darasa kama samaki kwenye wavu. Watu wakacheka, mmoja akarekodi, na video ikasambaa kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno "chekechea ya TEHAMA".

Mwalimu hakukasirika. Akatunasua, akamsimamisha mtu wa saba katikati, akasema huyu ndiye kijumbe, rudieni. Safari hii nyuzi zilikuwa sita tu, zimenyooka. Akauliza: "Mwanachama mpya akiingia leo, ni nani anayepaswa kujua?" Shangazi, mwili ulinisisimka. Mama yangu ni kijumbe huku kwetu Temeke. Nimekua nikimwona na daftari lake, na sikuwahi kufikiri kwamba anachokifanya kinahusiana na Java.

Hata hivyo hakututajia ile ruwaza, yaani ile namna ya kutatua shida inayojirudia, inaitwaje. Anasema majina ya ruwaza za usanifu tutapewa tukishazikuta wenyewe.

Sasa wenzangu wameandika barua ya kuomba abadilishwe. Wamesaini 31 kati ya 44. Hoja yao ni kwamba mtihani hautauliza habari za uzi. Wanataka nisaini na niipeleke ofisini Jumatatu. Nikikataa wataniona msaliti. Nikikubali, namwondoa mtu wa kwanza aliyenifanya nielewe. Na mimi mwenyewe nina hofu, maana nikifika nyumbani nikafungua kompyuta, sijui nianzie wapi kuugeuza ule uzi uwe msimbo. Nifanye nini?

Binti wa Kijumbe, Temeke

---

Marahaba mwanangu.

Usiisaini barua hiyo. Lakini usiipuuze, maana ndani yake mna jambo moja la kweli, na hilo utalipeleka kwa mwalimu mwenyewe. Nitalifikia.

Nimeandika programu miaka mingi kabla ya kukaa kwenye safu hii, na nimepokea kazini vijana wenye vyeti vizuri ambao hawakuweza kuanza klasi moja kutoka ukurasa mtupu. Walikuwa na tatizo lilelile lililokuangusha wewe mara mbili. Walijua tafsiri za maneno, lakini hawakuwahi kuona lile jambo ambalo neno lilibuniwa ili kulitaja. Kwa hiyo ulipoandika kwamba mwili ulisisimka, nilifurahi sana. Siku hiyo ulianza kujifunza.

Wenzako wanaliita darasa lenu chekechea. Waeleze zile kadi zilikotoka. Mwaka 1989, kwenye mkutano wa wataalamu wa programu za objekti uliofanyika New Orleans, Marekani, Kent Beck na Ward Cunningham waliwasilisha makala kuhusu namna ya kufundisha watu kufikiri kwa objekti. Chombo chao kilikuwa kadi za kawaida za inchi 4 kwa 6. Juu ya kadi unaandika jina la klasi, upande mmoja kazi zake, upande mwingine klasi inazoshirikiana nazo. Kisha watu wanakaa mezani na kuigiza tukio, na anayeigiza objekti anainua kadi yake. Waliokuwa wakifundishwa hivyo hawakuwa watoto. Wengi walikuwa waandishi wa programu wazoefu, waliozoea kuandika maagizo kuanzia juu hadi chini, na ilibidi wakiache kile walichokizoea. Mwalimu wako hakubuni mchezo wa kupotezea muda. Anafuata njia ambayo watu wa fani hii wameitumia zaidi ya miaka 30.

Na kama wanaona aibu kufundishwa kama watoto, waambie pia kuhusu Smalltalk. Lugha hiyo ya programu ilitengenezwa miaka ya 1970 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, na Alan Kay, Adele Goldberg na wenzao waliijaribu kwa watoto wa shule. Goldberg aliwaanzishia kisanduku kwenye skrini kilichoitwa Joe. Mtoto anamwambia Joe ageuke, au akue, na Joe anatii. Msichana mmoja wa miaka 12 aliandika programu yake ya kuchorea. Mengi unayokariri leo kwa ajili ya Java yalipitia mikononi mwa wale watoto.

Mwanzo kabisa kuna Norway. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakiwa Oslo miaka ya 1960, walitaka kompyuta iweze kuigiza mambo ya duniani: foleni, mizigo, watu wanaosubiri huduma. Kutokana na haja hiyo ikazaliwa lugha ya Simula 67, iliyoleta klasi, objekti na urithi. Kwa hiyo kuigiza si pambo lililobandikwa juu ya somo hili. Objekti zenyewe zilibuniwa ili kuigiza.

Sasa kuhusu majina ya ruwaza. Hapa namuunga mkono mwalimu wako kwa moyo wote, na nitakueleza sababu kwa kitu unachokijua. Umewahi kufika Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja? Kwenye nyumba za mawe utaona baraza mlangoni. Mwenye nyumba ana shida inayojirudia kila siku: anakuja mgeni ambaye heshima inataka akaribishwe, lakini ndani kuna faragha ya familia. Baraza inamaliza shida hiyo. Mgeni amekaribishwa, amekaa, pengine amekunywa kahawa, na ndani hakuna aliyesumbuliwa. Tazama baraza kumi: hii fupi, ile ndefu, nyingine ndani ya daka, nyingine imeelekea barabarani. Hakuna fundi aliyenakili baraza ya mwenzake tofali kwa tofali. Kilichonakiliwa ni shida na namna ya kuitatua. Ruwaza ya usanifu ni hiyo.

Wala sijatoka nje ya somo. Ruwaza zilikuja kwetu kutoka kwa msanifu wa majengo, Christopher Alexander, ambaye mwaka 1977, pamoja na wenzake, alichapisha ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba. Mojawapo ni benchi kando ya mlango wa mbele, ambayo mtu wa pwani ataitambua mara moja. Na walioanza kuleta wazo hilo kwenye programu, mwaka 1987, ni nani? Ni walewale Beck na Cunningham wa kadi. Miaka saba baadaye Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides wakachapisha ruwaza 23 ambazo wanafunzi wengi bado wanazisoma. Wanne hao hawakukaa chini wakazitunga. Walizikusanya kutoka kwenye mifumo iliyokwisha kujengwa, na wakachukua zile tu zilizokuwa zimetumika zaidi ya mara moja. Shida ilitangulia, suluhisho likafuata, jina likaja mwisho. Mwanafunzi anayeanza na jina anaanzia mwisho, kisha anahangaika kutafuta mahali pa kulibandika. Nimeona programu ndogo ya duka imejazwa ruwaza saba, na hakuna hata moja iliyotatua shida iliyokuwepo.

Ile uliyoikuta wewe inaitwa Midieta. Nakutajia kwa sababu umeshaihisi mikononi. Hesabu nyuzi: watu sita wanaowasiliana wote kwa wote wana nyuzi 15 kati yao. Wakiwa kumi ni 45, wakiwa ishirini ni 190. Ukimweka kijumbe, nyuzi zinakuwa 6, 10, 20. Swali la mwalimu kuhusu mwanachama mpya ndilo kiini chake. Bila kijumbe, ujio wa mtu mmoja unawagusa wote, yaani klasi zote zinafunguliwa na kurekebishwa. Akiwepo kijumbe, anayeguswa ni mmoja.

Nikija kwenye hofu yako ya nyumbani mbele ya kompyuta, hilo ndilo jambo la kweli lililomo kwenye barua yao. Wiki sita bila kuandika mstari mmoja ni nyingi mno. Mchezo bila daraja la kuvukia kwenda kwenye msimbo unamwacha mwanafunzi ng'ambo. Na mchezo una udhaifu mkubwa ambao kompyuta peke yake ndiyo huuonyesha: watu wana akili. Anayeigiza kijumbe akisahau kuandika mchango wako, utamkumbusha, na mchezo utaendelea vizuri kana kwamba kila kadi imekamilika. Objekti haimkumbushi mtu. Inafanya kilichoandikwa, basi. Kwa hiyo mnapocheza tena, wekeni mtu mmoja nje ya duara, kazi yake iwe kupiga makofi kila anapomwona mtu akifanya jambo ambalo halimo kwenye kadi yake. Kila kofi ni metodi, yaani kazi ambayo klasi inajua kuifanya, mliyoisahau.

Na daraja lenyewe ni jepesi kuliko unavyodhani. Jioni ya siku hiyohiyo ya kipindi, kabla picha haijafutika kichwani, chukua kadi yako. Jina la juu ndilo jina la klasi. Kila kazi iliyoandikwa ni metodi. Kila mshirika ni sehemu ndani ya klasi inayoshika anwani ya objekti nyingine, na anwani hiyo ndiyo uzi uliokuwa mkononi mwako. Kila mara bonge liliporushwa, metodi iliitwa. Mwanachama alipotoa elfu ishirini na kumrushia kijumbe bonge, ndani ya klasi ya Mwanachama ulitokea mstari huu:

kijumbe.pokea(this, 20000);

Neno "this" hapo ni "mimi". Mwanachama anasema: kijumbe, pokea kutoka kwangu, elfu ishirini. Mistari michache ya namna hiyo, na upatu wenu wa darasani unaendeshwa na kompyuta. Usiku wa kwanza utakosea, kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo wako, itakukatalia mara nyingi, na hiyo ni kazi ya kawaida kabisa.

Ukishavuka, jaribu jambo hili ambalo darasani huenda lisijitokeze. Mama yako ni kijumbe, na nadhani naye hutoa mchango wake kama wengine. Je, klasi ya Kijumbe irithi kutoka kwa Mwanachama? Wengi watasema ndiyo haraka, kwa kuwa "kijumbe ni mwanachama", na sentensi hiyo ni sahihi kwa Kiswahili. Sasa wanachama wakikutana wakaamua kijumbe awe mwingine kuanzia mwezi ujao? Katika Java, objekti iliyozaliwa Kijumbe itabaki Kijumbe mpaka mwisho wake, haiwezi kuvuliwa klasi yake. Itabidi umuue mama kwenye programu na kumzaa upya kama mwanachama wa kawaida, na michango yake yote uihamishe. Ukikuta msimbo unakulazimisha hivyo, ujue kosa lilianza mapema. Ukijumbe ni cheo anachokabidhiwa mtu, kama daftari na kalamu. Kwa hiyo upatu uwe na sehemu inayoonyesha ni nani anashika cheo kwa sasa, na kubadilisha kijumbe kutakuwa mstari mmoja. Wale wanne walisisitiza sana jambo hili, kwamba pale inapowezekana, unganisha objekti badala ya kuzirithisha. Nililisoma mara nyingi kabla sijalielewa, na mtu akijifunzia urithi kwa mifano ya "mbwa ni mnyama" peke yake, atachelewa zaidi kulielewa.

Halafu kuna zamu. Mama anaamuaje nani apokee mwezi huu? Vikundi vingine hupiga kura, vingine hufuata orodha, vingine humtanguliza mwenye msiba au ada ya shule. Tengeneza klasi tatu, kila moja na metodi yenye jina lilelile, anayefuata(). Kijumbe anashika mojawapo na kuuliza "anayefuata ni nani?" bila kujali ni njia ipi. Kikundi kikibadilisha utaratibu katikati ya mwaka, unambadilishia alichoshika. Kwenye mtihani hiyo ni ruwaza ya Strateji. Na swali moja linalojibiwa na objekti tofauti, kila moja kwa namna yake, ndiyo ile polimofizimu uliyoikariri. Isome tena ile tafsiri yako sasa, uone kama haijaanza kuwa na maana.

Ruwaza nyingine, Obzeva, nitaigusa tu, kwa kuwa watahini hupenda kuichanganya na Midieta. Kijumbe anapotangaza kwenye kundi la simu kwamba fedha zimetolewa, hajui nani atafanya nini baada ya hapo. Mmoja atakwenda kulipa kodi ya nyumba, mwingine ataanza kuandaa mchango ujao. Waliojiandikisha wanapata habari, kila mmoja anaamua la kwake. Hiyo ni Obzeva. Anapopanga nani ampe nani na kwa utaratibu upi, ni Midieta. Na uangalie kijumbe wako wa kwenye programu asinenepe. Kila kazi ikimwangukia yeye, mtakuwa mmeuhamisha mkanganyiko kutoka kwenye nyuzi kwenda ndani ya tumbo la klasi moja. Ukubwa wa kadi unasaidia hapo: kazi zikikosa nafasi kwenye ile karatasi ndogo, gawa.

Sasa Jumatatu. Nenda kwa mwalimu kabla ya ofisi, na uende na wenzako wawili, mmoja awe miongoni mwa waliosaini. Mwamkieni, mweleze kwamba njia yake imekusaidia, na usione haya kumwambia kuwa ulifeli mara mbili. Kisha mwombe mambo mawili. La kwanza, saa ya mwisho ya kila kipindi iwe maabara, mchezo wa siku hiyo uandikwe kwa Java mbele ya wote. La pili, kila baada ya wiki mbili mpitie karatasi moja ya mtihani wa zamani, ruwaza mlizokwisha kuzikuta zitajwe kwa majina ya mtihani. Mwalimu anayejua kuongoza watu kwa bonge la uzi hawezi kukosa uwezo wa kufanya hayo. Akikubali, sehemu kubwa ya wale 31 hawatakuwa na sababu ya barua. Wana hofu ya kufeli, na wewe unaijua hofu hiyo kuliko wote. Waambie hivyo, hawatakuita msaliti.

Akikataa kabisa kugusa kompyuta na mitihani, hapo nendeni ofisini, lakini kwa barua mpya, inayoomba maabara na si kichwa cha mtu.

Ile video iombe iondolewe kwenye kundi. Wewe ni kiongozi, sema bila kuzunguka. Yule mama alisimama mbele ya vijana 44 akijua watamcheka, na akaendelea.

Wakati unasubiri Jumatatu, kaa na mama yako na daftari lake. Muulize anafanyaje mwanachama akihama mtaa kabla zamu yake haijafika, na anafanyaje kwa yule aliyekwisha kupokea kisha akaacha kuchanga. Utahitaji kadi mpya mbili, labda tatu.